Matairi ya Meno Mafupi

Aliyeuliza swali alikuwa Kaltumi, lakini muuza matairi alimjibu mumewe.

"Sebo, kwa mbio hakuna ingine," alisema, akilipiga kofi tairi jipya lililoning'inizwa mlangoni. "Ona meno yake. Marefu namna hii. Hii inakamata chini, haiachii."

"Nimeuliza kama mpira wake ni mgumu au laini," Kaltumi akasema tena.

Mwenye duka, bwana mmoja mnene aitwaye Mumbere, akacheka kwa upole, ule upole wa mtu anayetaka uondoke. "Nyabo, hii ni mambo ya mbio. Wacha mimi na mzee tuzungumze."

Mzee mwenyewe, Abudu, alikuwa na miaka arobaini na minane tu, na wakati huo alikuwa anatazama viatu vyake. Miaka ishirini ya kuendesha bodaboda ilikuwa imemfundisha kupita katikati ya malori mawili bila kupepesa macho, lakini haikumfundisha kusema mbele ya mwenye duka kwamba anayejua matairi nyumbani kwake ni mke wake. Kaltumi aliliona hilo, likamchoma, akaliweka kando. Hakupanda kilima cha Old Kampala kuja kununa.

Kwa miaka kumi na sita mwanamke huyu alikuwa ameziba pancha na kuchonga matairi kando ya barabara kule Makindye. Kuchonga, kwa asiyejua, ni kulichukua tairi lililokwisha na kulikata mistari upya kwa kisu cha moto ili lishike tena barabara. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, dereva wa malori. Shangazi zake, kama wanawake wengi wa Kinubi, walisuka vikapu vya rangi mpaka wageni wakawa wanavifuata nyumbani. Yeye mikono yake ilipenda mpira, na weusi wake haukutoka kwa sabuni yoyote.

Na safari hii hakuwa anamtafutia mteja. Pikipiki ambayo Abudu aliiendesha haikuwa yake; ilikuwa ya Mama Akech, muuguzi Mkenya aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao Kisumu, na mwisho wa mwezi angeiuza. Abudu alitafuta pikipiki nyingine ya kuendesha kwa wiki tano, akakosa. Akaenda kwa wakala, akajiandikisha kwenda Uarabuni kulinda geti kwa miaka miwili. Pasipoti yake ilikuwa kwa wakala na ndege ilikuwa Jumatatu jioni. Ndipo kampuni moja ya oili ikatangaza mbio za bodaboda: kila steji, yaani kituo cha bodaboda, itoe mtu mmoja, pikipiki ziwe za kazi, matairi kila mtu ajichagulie, na mshindi apewe pikipiki mpya. Steji ya Abudu, ya Kabalagala, iliwapambanisha watu wake kwenye kiwanja cha mpira, na vijana wakabaki midomo wazi Abudu alipowapita wote. Mbio zilikuwa Jumapili. Abudu akishinda, anabaki. Asiposhinda, anaondoka.

Kaltumi alijua maana ya kuondoka. Kaka yake Muhamadi alikwenda huko huko kwa miaka miwili, ikawa sita, na siku aliyorudi mtoto wake wa mwisho alimpa mkono akamwamkia "mgeni". Muhamadi alicheka pamoja na watu wote sebuleni, kisha akatoka nje akakaa peke yake karibu na tangi la maji. Kaltumi ndiye aliyempelekea chai.

Sasa akalishika jino moja la lile tairi jipya, akalibinya kwa ukucha. Ukucha ukateleza.

"Jana tulikwenda uwanjani," alisema, akimwambia Abudu, maana ndiye aliyekuwa anasikilizwa. "Nilidunga bisibisi chini. Haikuingia hata nusu kidole. Ile ni udongo wa moramu umeshindiliwa na malori, na juu yake vumbi tu. Hizi meno marefu zitazama wapi? Zitasimama kwa ncha, halafu zitapinda. Hizi ni za matope."

"Matope yatakuwepo, nyabo," Mumbere akadakia. "Wanamwaga maji."

"Wanamwaga maji ya kuua vumbi. Jua la saa nane linayanywa kabla hujamaliza chai." Macho yake yalikuwa yameshahama. Nyuma ya magunia, chini kabisa, aliona kitu cha duara kilichofungwa kwa karatasi ya kahawia. "Na zile?"

"Zile? Zile za shamba! Alileta padri mmoja, akarudi kwao. Mwaka wa tatu hakuna mtu anauliza."

Kaltumi alipiga magoti, akachana karatasi. Yalikuwa matairi mawili, la mbele na la nyuma, saizi yao kabisa. Meno yake yalikuwa mafupi, mapana, yamebanana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Akabinya. Ukucha ukaingia, na alama yake ikajifuta taratibu. Miaka mitatu gizani ilikuwa imeuhifadhi ule mpira vizuri kuliko kama ungening'inia mlangoni siku tatu.

"Tunachukua haya," alisema.

Abudu akamsogelea. "Mama Shamim, watu wanatutazama."

"Waache watazame."

Mumbere aliyatoa kwa bei ya kusafisha stoo, akapokea pesa kutoka mkononi mwa Kaltumi, na risiti akampa Abudu.

*

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, wageni wawili waliosikia habari za matairi ya padri walifika Makindye. Wa kwanza alikuwa Ogwal, mwenyekiti wa steji ya Kabalagala, aliyewahi kuwa askari na ambaye mpaka leo aliongea kama yuko gwaride. Wa pili alikuwa Cleopas, Mkenya mwenye duka la spea, mtu nadhifu anayependa kupigwa picha. Cleopas alikuwa amebeba matairi mawili mapya ya meno marefu, na juu yake fulana yenye jina la duka lake.

Walimkuta Kaltumi chini ya turubai, ameketi kwenye kibao, kisu kinapashwa moto kwenye sigiri. Binti yake, Shamim, alikuwa amelikumbatia tairi lisizunguke, naye mama yake anapita jino kwa jino.

"Mama, hapa unafanya nini?" Ogwal akauliza.

"Ninachonga."

"Tairi mpya unakata?"

"Kila jino nalipasua mstari mmoja mwembamba. Likikanyaga, linafunguka kidogo, linauma pande mbili."

Ogwal alicheka mpaka majirani wakachungulia. "Abudu! Abudu, kuja hapa! Hii bibi yako iko nataka kukuua!"

Abudu alitoka ndani huku anafunga vifungo vya shati. Cleopas hakucheka. Aliyaweka matairi yake chini kwa taratibu, akayapangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Mama, kwa heshima zote," alisema, "mimi nimeweka jina la duka langu kwenye fulana ya Abudu. Watu wa televisheni watakuja. Wakinikuta na tairi za padri, nitawaambia nini? Abudu, chukua hizi. Ni za bure, sidai chochote. Ukikataa pia ni sawa, nitampa Byron wa steji ya Old Kampala. Huyo kijana amenitafuta wiki nzima."

"Nipeni dakika," Abudu akasema, akaingia ndani. Kaltumi akauacha moto na kumfuata.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, na katika kile cha kulala kulikuwa na begi la buluu ambalo kila mmoja wao alikuwa amelikwepa kwa siku nne. Shati tano, suruali tatu, msahafu, viatu vyeusi vya ulinzi. Kaltumi alilikalia.

"Wote wanasema meno marefu," Abudu akasema kwa sauti ya chini. "Mwenye duka, mwenyekiti, Cleopas. Wewe peke yako unasema mafupi."

"Ndiyo."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, wewe utaondoka Jumatatu, na mimi ndiye nitakuwa nimekupandisha ndege kwa mikono yangu hii. Unadhani nimechagua kwa mchezo, Baba Shamim? Sijalala vizuri tangu Jumatano."

Abudu alimtazama. Alizoea kumwona mkewe ameinama juu ya kazi. Kumwona ameketi, mikono mitupu, kulimshtua.

"Hukuniambia hutaki niende," alisema.

"Hukuniuliza. Ulikuja na karatasi zimeshatiwa sahihi."

Abudu akajipangusa uso kwa kiganja, akatoka nje.

"Bwana Cleopas, asante sana," alisema. "Mpe kijana."

Ogwal alipiga ulimi. "Steji yote tutachekwa," alisema, na kwa kweli hakuwa na ubaya moyoni. Alikuwa anaogopa tu. Cleopas akabeba matairi yake, lakini fulana akaiacha.

Jioni ile Kaltumi aliyavalisha matairi, akajaza upepo, kisha akaanza kuupunguza kidogo kidogo huku anabonyeza kwa dole gumba, mpaka mpira ukakubali kuingia. Akamwita mumewe aone. "Hivi hivi," alisema. "Tairi likiwa laini kidogo, linalala chini, meno yote yanafanya kazi. Tafadhali usiguse pampu."

"Siigusi," Abudu akasema, na alipokuwa anasema alimaanisha.

*

Uwanja wa mbio ulikuwa nje ya mji, duara refu la udongo mwekundu lililozungushiwa kamba, na kufika saa nne asubuhi ulikuwa umejaa mpaka kwenye miti ya mikalitusi. Steji ishirini na nne zilikuja na ngoma, vuvuzela na majina ya kejeli waliyopeana wenyewe. Kaltumi alikuwa amevaa gurbaba, vazi lake la Kinubi la sikukuu, la rangi ya machungwa, ili Abudu aione kutoka mbali. Alikwenda kupanga foleni ya kuchukua namba, foleni ikachukua saa nzima, na aliporudi mchujo wa kwanza ulikuwa unaanza.

Michujo ilikuwa mitatu, pikipiki nane kila mmoja, watatu wa kwanza waingie fainali. Lori la maji lilikuwa limetoka kupita. Abudu alikuwa wa kwanza kuondoka, na kwa mita hamsini Kaltumi alipiga kelele kuliko watu wote. Kisha ikaja kona.

Gurudumu la nyuma lilimkimbia. Abudu akaweka mguu chini, akajiokoa, akanyooka, na kona ya pili likamkimbia tena. Wakampita wawili, watatu, wanne. Mtangazaji, kijana mwenye mdomo mwepesi, akakiona kitoweo. "Mzee wa Kabalagala anatuchezea dansi!" alipaaza kwenye spika. "Mzee, punguza, wajukuu wanangoja!" Uwanja mzima ukacheka. Shamim akaziba masikio. Abudu aliponea chupuchupu: waendeshaji wawili waliokuwa mbele yake waligongana kwenye kona ya mwisho wakaanguka, naye akapita katikati yao, akamaliza wa tatu.

Katika mchujo uliofuata, Byron wa Old Kampala, akiwa na matairi ya meno marefu ya Cleopas, aliwaacha wenzake kana kwamba wamesimama. Ule utelezi wa maji ulimfaa sana. Cleopas alipigwa picha naye mara sita.

Tangu adunge bisibisi uwanjani, Kaltumi hakuwahi kuwaza kwa dhati kwamba amekosea, sasa aliwaza. Alimwona Abudu ndani ya sare ya ulinzi, nje ya geti la mtu asiyemjua, kwenye jua la nchi asiyoijua, na akajiona yeye ndiye aliyempeleka pale kwa ukaidi wake.

Abudu alikuja akivuta pikipiki, kofia ngumu mkononi. "Inateleza kama sabuni," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilimuuma Kaltumi zaidi.

"Toa hiyo takataka!" Ogwal akafoka. "Cleopas iko na tairi ingine ndani ya gari. Saa moja inatosha kabisa."

Vijana wa steji walikuwa wamezunguka. Abudu aliwatazama, akamtazama mkewe. "Badilisha, Mama Shamim," alisema polepole. "Hatuna la kufanya."

Kaltumi hakubishana. Alichukua spana, akapiga magoti kwenye vumbi na gurbaba yake ya sikukuu, akaweka mkono juu ya tairi la nyuma ili alishike. Dole gumba, kwa mazoea tu, likabonyeza.

Halikuingia. Akabonyeza kwa nguvu. Likakataa. Akahamia tairi la mbele, nalo lilikuwa jiwe.

Akainuka taratibu. "Nani ametia upepo hapa?"

Ogwal akaanza kuchunguza mawingu. Vijana wakatazamana. Mwishowe Abudu akakohoa.

"Mimi," alisema. "Asubuhi, ulipokwenda kwenye namba. Hawa watoto walikuwa wanapiga tairi teke wanasema limekufa. Halafu... nakuapia, Mama Shamim, mkono ulikwenda wenyewe. Kila asubuhi miaka ishirini, kabla ya chai, najaza mpaka iwe jiwe. Ukibeba watu wawili na mkungu wa matoke, tairi laini linakutupa mtaroni. Sikufikiri hata kidogo."

Na hilo ni kweli tupu. Hakuna mwendesha bodaboda Kampala asiyeamka na pampu. Hata wale vijana waliokuwa wanasikiliza walikuwa wameyajaza yao hivyo hivyo asubuhi ile, bila kuulizana, na Byron pia, wala hakuna aliyeona ajabu.

"Na leo," Kaltumi akauliza, "unambeba nani?"

Abudu akatazama kiti kitupu cha nyuma. "Hakuna mtu," alisema.

Kaltumi alifungua kifuniko cha valvu, akaweka ncha ya bisibisi. Upepo ukatoka kwa mlio mrefu. Kijana mmoja akashika kichwa, na Ogwal akaruka mbele. "Mama, unaua tairi! Fainali iko karibu!"

"Mwenyekiti," Kaltumi akasema bila kuinua uso, "sogea, unanizibia mwanga."

Ogwal, aliyewahi kuamrisha kombania nzima, akasogea. Kaltumi alitoa upepo, akabonyeza, akatoa, akabonyeza, kisha akahamia la mbele. Alipomaliza alimgeukia mumewe, spana bado mkononi.

"Ulisema nibadilishe. Nibadilishe au niache? Sema wewe. Mimi nimeshasema yangu."

Abudu alichuchumaa. Akaweka dole gumba lake mwenyewe juu ya mpira, akabonyeza, nao ukaingia chini ya kidole.

"Acha," alisema. "Acha kama ilivyo."

*

Lori la maji lilipita mara ya mwisho saa nane kasoro. Mbio zingeanza pale pale, matairi ya Byron yangekula matope mabichi, na huenda hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini palikuwa na mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa na hotuba. Alianza na historia ya usafiri, akaja kwenye nidhamu barabarani, akawasalimu viongozi waliokuwepo na waliokosekana. Watu walipiga miayo. Kaltumi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliomba hotuba isiishe. Alikuwa anautazama uwanja: wekundu uliokolea ukawa unapauka, kwanza katikati, halafu kwenye kona. Mgeni rasmi aliposhuka jukwaani, maji yalibaki kwenye kona moja tu, chini ya kivuli cha mikalitusi.

Bendera ikashuka. Pikipiki tisa, mizunguko minane.

Byron akachomoka wa kwanza na kwenye kona ya kivuli akaacha pengo. Abudu alikuwa wa saba, kisha wa sita. Lakini Kaltumi hakuwa anahesabu watu. Alikuwa anatazama gurudumu la nyuma la Abudu likiingia kwenye kona, na gurudumu halikukimbia. Lililala, likauma udongo, likamsukuma mbele. Akamshika Shamim mkono kwa nguvu mpaka mtoto akalia "Mama!"

Mzunguko wa tatu Abudu alikuwa wa tano. Mzunguko wa nne, wa nne. Mtangazaji alikuwa ameacha utani na kuanza kutaja jina kamili. Uwanja sasa ulikuwa umekauka kabisa, mgumu, una vumbi juu, na meno marefu ya Byron yalianza kupinda kila alipolalia kona. Pikipiki yake ikawa inatikisa kiuno. Alikuwa kijana hodari, tusimnyime haki yake, lakini alikuwa anaendesha juu ya vidole vya miguu. Mzunguko wa sita jino moja la mpira lilikatika likaruka hewani, watu wakaliona.

Mzunguko wa saba Abudu alikuwa wa pili.

"Ingia ndani!" Kaltumi alikuwa anapiga kelele, ingawa hakuna mtu ambaye angemsikia. "Baba Shamim, ingia ndani, inashika!"

Kona ya mwisho, Byron aliingia kwa kasi, nyuma ikamtoka, akalazimika kutanua mpaka karibu na kamba. Upande wa ndani ukabaki wazi, upana wa meza. Abudu hakupunguza. Alilala na pikipiki yake kwa namna ambayo hakuwahi kuthubutu katika miaka ishirini ya kubeba watu na mizigo yao, akaliamini lile dole gumba la mkewe, akapita. Alivuka mstari akiwa mbele kwa urefu wa pikipiki mbili.

Kaltumi hakukumbuka alivyoruka kamba. Alikumbuka tu kwamba alikuwa anakimbia kwenye moramu, kiatu kimoja kimebaki nyuma, na kwamba Abudu aliiachia pikipiki ya watu ianguke chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Walikumbatiana mbele ya maelfu ya watu, wao ambao hata kushikana mikono barabarani waliona haya. "Huendi," alikuwa anamwambia kwenye shingo. "Huendi, huendi." Alikuwa analia waziwazi na wala hakujali.

Ogwal alikuwa anawabeba vijana wake mmoja mmoja na kuwatupa juu. Cleopas, wa fulana, alishafika mbele ya kamera, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfukuza.

Mtangazaji alimsogezea Abudu kipaza sauti. "Mzee wangu, samahani kwa yale ya asubuhi! Tuambie siri!"

Abudu alikitazama kile chombo, akatazama umati, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa hakutazama viatu vyake.

"Tairi alichagua mke wangu," alisema. "Huyu hapa, Kaltumi, fundi wa Makindye. Watu wote tulimkatalia. Asubuhi mimi nikaharibu kazi yake, yeye akaitengeneza. Mimi nimeendesha tu."

*

Jumatatu simu iliita mapema, wakati Shamim anaanika kwenye kamba mashati matano na suruali tatu. Alikuwa Mumbere wa Old Kampala.

"Sebo, hongera sana, tumeona kwa televisheni," alisema haraka haraka. "Sasa, nipe mama."

Abudu akampa mkewe simu. Mumbere alikuwa amepata watu saba tangu afungue duka, wote wanataka meno mafupi, naye hajui ayatafute wapi wala ayatambue vipi. Je, fundi angeweza kupita dukani ampe mawaidha kidogo? Kaltumi alimwambia kwamba atapita Ijumaa, na kwamba safari hii risiti aiandike kwa jina lake.

Kabla ya hapo walikuwa na safari nyingine, kwenda kwa wakala kuchukua pasipoti. Jana jioni walipompigia simu, wakala alikuwa amenuna. Baada ya wakala wangepita kwa Mama Akech kumrudishia pikipiki yake, imeoshwa, ina matairi yake ya zamani. Na baada ya hapo, steji.

Ile pikipiki mpya ilisimama uani, nyekundu, plastiki bado imefunika kiti. Abudu alikuwa amechuchumaa kando yake na pampu. Aliifungua valvu, akachomeka mdomo wa pampu, akashika mpini, halafu akaganda. Akautazama mpini. Akaangalia upande wa turubai.

"Mama Shamim," aliita. "Njoo ubonyeze kwanza."

Kaltumi alikuja akipangusa mikono. Aliinama, akaweka dole gumba juu ya tairi, akabonyeza, akafikiri kidogo.

"Tia," alisema.

"Kiasi gani?"

"Tia mpaka iwe jiwe, Baba Shamim. Leo unabeba watu."